Kitochi, simu ya mama au simu yake mwenyewe: ipi ya kumpa mtoto?

Mtihani wa darasa la saba huisha Septemba, kidato cha kwanza huanza Januari. Hapo katikati mtoto yuko nyumbani miezi mitatu na ushee, na ndipo simu inapoingia mikononi mwake katika nyumba nyingi za Dar. Kuna aliyeahidiwa akifaulu, kuna aliyerithi ya mjomba iliyopasuka kioo, kuna anayeikamata ya mama yake jioni mama akirudi kazini na kuiachia chaji ikikata. Ndugu na majirani wakiniuliza wampe ipi, wanachokihofia huwa ni "picha chafu".

Hofu hiyo ina haki yake, ila kuna kubwa zaidi. Picha chafu mtoto anaziona. Unyonyaji wa kingono anafanyiwa, na anayeufanya ni mtu: anamzoea taratibu, anamsifia, anamrushia bando, anamwomba picha moja "ya kawaida tu", kisha nyingine isiyo ya kawaida, halafu anamtishia kwa hiyo hiyo aliyotuma. Mwaka 2022 UNICEF, INTERPOL na ECPAT, mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa kingono wa watoto, walichapisha utafiti wa Tanzania uliokuta kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa vitendo vya namna hii ndani ya mwaka mmoja. Utafiti huo ulifanyika katika nchi kadhaa, na kwa ujumla wake ulionyesha kuwa mhusika mara nyingi ni mtu ambaye mtoto tayari anamfahamu, na kwamba watoto wanaofikisha habari polisi au kwenye simu za msaada ni wachache mno.

Kwa hiyo njia nne hizi nazilinganisha kwa maswali mawili. Nani anaweza kumfikia mtoto kwa meseji kupitia simu hii? Na likitokea jambo, nani atajua? Bei na ukubwa wa kioo nawaachia wauzaji.

| Njia | Anayeweza kumfikia | Atakayejua |
|---|---|---|
| Kitochi | Mwenye namba yake tu | Mzazi, akiangalia meseji |
| Simu ya mama | Kila anayeweza kumfikia mama | Mama, kama meseji hazijafutwa |
| Simu yake, bila usimamizi | Karibu yeyote | Mtoto peke yake |
| Simu yake, yenye usimamizi | Inategemea programu ulizoruhusu | Mtoto, na mzazi kwa sehemu |

Kitochi

Kitochi cha kawaida cha kubonyeza, kisicho na intaneti, kinaziondoa Instagram, TikTok na magrupu yote kwa mkupuo. Mtoto wa miaka kumi anayetoka tuisheni Mbagala saa kumi na mbili jioni, ambaye unataka akupigie tu akishuka kituoni, kitochi kinamtosha na sioni sababu ya kumpa kingine. Ila dukani uliza vizuri. Vipo vitochi vyenye mfumo wa KaiOS. Vibonyezo ni vile vile lakini ndani kuna intaneti na kamera, na ukikiacha na bando umempa simu ya kupangusa isiyopanguswa.

Udhaifu wake unaanza umri ukipanda. Akifika miaka kumi na tatu au kumi na nne, wenzake wote wana akaunti, naye atafungua yake kwenye simu ya rafiki. Sasa akaunti ipo, picha zipo, meseji zinaingia, na nywila imehifadhiwa kwenye simu ya mtoto wa jirani. Wewe nyumbani unajivunia kitochi. Tena kitochi hakimzuii mtu mzima aliye karibu. Kijana wa dukani au dereva wa bodaboda anayempeleka shule kila siku akipata namba, kazi yake anaifanya kwa meseji za kawaida na vocha za mia tano.

Simu ya mama

Hii haichaguliwi, inatokea tu. Faida yake ni kwamba simu inarudi kwa mwenyewe kila baada ya muda, na mtoto anajua mama ataishika. Hasara yake kubwa haionekani kwa macho: kwa Facebook, Instagram na TikTok, anayeshika simu hiyo ni mwanamke wa miaka thelathini na tano. Kinga zote ambazo kampuni zimeweka kwa ajili ya watoto hazifanyi kazi hapo. Mtu asiyejulikana akituma "mambo mrembo" inboksi, anaijibu mtoto wa darasa la sita.

Halafu kuna magrupu. Grupu la vikoba, la ukoo, la wapangaji, na kila moja lina yule mmoja anayerusha koneksheni, yaani picha au video ya ngono ya mtu iliyovuja, usiku wa manane. Mama anaifuta asubuhi, mtoto ameshaiona. Hapa niseme jambo ambalo watu hawalipendi. Ikiwa aliyemo kwenye koneksheni hiyo ana chini ya miaka 18, basi kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni mtoto, hata kama ana kimo cha mtu mzima, na kuisambaza ni kosa hata ukiandika chini yake "tusambaze mpaka mzazi wake aione". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilipotungwa iliweka kwa kosa la kusambaza picha za ngono za watoto faini isiyopungua shilingi milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Huruma yako haitasomwa kwenye hati ya mashtaka.

Kama simu ya mama ndiyo iliyopo, usibabaike kununua nyingine. Simu nyingi za Tecno na Infinix zina sehemu ya kufunga programu moja moja kwa namba ya siri. Funga WhatsApp, Facebook na picha, acha YouTube Kids, gemu lisilo na sehemu ya kuchati, na kikokotoo. Dakika kumi zinatosha, na kwa mtoto wa chini ya miaka kumi na mbili naiona njia hii bora kuliko kumnunulia yake.

Simu yake, bila usimamizi

Nenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, mnunulie mtoto simu, uone mwisho wake unavyokuwa.

"Mama, nikufungulie na Gmail kabisa?"

"Nifungulie, mwanangu, mimi hayo siyajui."

Kijana anachukua simu, anaandika jina la mtoto, akifika kwenye tarehe ya kuzaliwa anaweka 1995 ili asisumbuliwe na maswali. Nywila anaiweka namba ya simu ya mama. Anaongeza TikTok na Instagram, kwa umri ule ule. Kila mtu ametoka pale ameridhika.

Sekunde ile ya kuandika 1995 ndiyo imeamua mengi kuliko bei ya simu. TikTok haitoi huduma ya meseji binafsi kwa akaunti ya aliye chini ya miaka 16, na akaunti hizo tangu mwanzo huwa za faragha. Instagram ilianza mwaka 2024 kuwaweka vijana kwenye akaunti maalumu za umri wao: akaunti inafungwa kwa wasiomfuata, meseji zinatoka kwa watu anaowafuata au ambao tayari wameunganishwa nao tu, na aliye chini ya miaka 16 hawezi kulegeza mipaka hiyo bila mzazi kuridhia. Kinga hizi ni za bure na hazihitaji utaalamu, ila zinasubiri umri wa kweli. Mtoto "aliyezaliwa 1995" anapokewa kama mtu mzima, na mtu mzima mwenzake yeyote anaweza kugonga hodi.

WhatsApp yenyewe umri wake ni kuanzia miaka 13, na kwa hapa kwetu ndiko mazungumzo yalipo. Mpangilio mmoja una uzito kuliko mingine: nani anaruhusiwa kumwingiza kwenye grupu. Ukiacha "kila mtu", yeyote mwenye namba yake anaweza kumtumbukiza kwenye grupu la watu mia tatu, na wote hao wanaiona namba yake. Weka waliomo kwenye anwani zake tu. Picha ya wasifu nayo hivyo hivyo, na wapigaji wasiojulikana uwanyamazishe. Telegram nisingemwekea mtoto wa umri huu, na sioni atakachokosa.

Njia hii ya tatu simshauri mzazi yeyote. Nimeiandika kwa kirefu kwa sababu ndiyo wengi wanaoipata wakidhani wamenunua simu tu.

Simu yake, yenye usimamizi

Kwa Android kuna Family Link ya Google, ya bure. Unafungua akaunti ya mtoto kwa tarehe yake halisi, unaiunganisha na simu yako, iwe Android au iPhone. Kuanzia hapo akitaka kupakua programu, ombi linakuja kwako ukubali au ukatae. Unapanga masaa, simu inajifunga usiku, unaona iko wapi. Kama mtoto ana miaka 13 au zaidi na tayari ana akaunti yake, usimamizi unawekwa naye akikubali. Naona hilo ni jema, maana linakulazimisha ukae naye chini mwelewane kabla.

Kwenye iPhone kazi hiyo inafanywa na mipangilio ya muda wa kutumia simu (Screen Time), na kuna kitu cha ziada ambacho nakipenda: mtoto akitumiwa au akitaka kutuma picha ya utupu kwenye meseji za Apple, simu inaifunika na kumwonya. Ukaguzi wote unafanyika ndani ya simu hiyo hiyo. Lakini WhatsApp, ambako mazungumzo yetu yapo, si meseji za Apple. Na iPhone za mtumba nyingi zinauzwa zikiwa na akaunti ya mtu mwingine, hapo huwezi kupanga chochote cha mtoto.

Wazazi wakishaweka Family Link hunirudia na lalamiko moja: mbona haionyeshi meseji zake? Haionyeshi, na haikutengenezwa kwa hilo. Inakupa uamuzi wa programu zipi ziingie, lakini yanayosemwa ndani ya programu hizo hayakufikii. Zipo programu za kuuzwa zinazodai kusoma kila kitu. Mimi siziweki. Mazungumzo na picha za mwanao zinapelekwa kwa kampuni usiyoijua, na mtoto akigundua, na atagundua, anahamia kwenye simu ya rafiki. Umerudi kwenye kitochi, ila sasa hakuamini.

Kuna pia kuchuja tovuti. Kwenye Android, sehemu ya DNS binafsi (Private DNS) kwenye mipangilio ya mtandao, ukiandika family.cloudflare-dns.com, tovuti nyingi za ngono hazitafunguka. Weka, haigharimu kitu. Ila ujue imefunga upande wa kuona tu. Kwenye meseji haigusi chochote.

Hata vijana wa kiume

Katika nyumba nyingi simu ya binti inakaguliwa, ya kijana inaachwa. FBI ya Marekani imekuwa ikionya kuhusu utapeli wa picha unaolenga pesa, na wanaolengwa zaidi huko ni wavulana wa miaka 14 hadi 17. Mtindo wake ni ule ule popote: akaunti yenye picha ya msichana mzuri, kupatana ndani ya siku moja, kubadilishana picha, na dakika chache baadaye vitisho. "Nina orodha ya marafiki zako wote. Lipa." Mtapeli anajua silaha yake kubwa ni aibu, na kwamba kijana ataona heri aibe pesa ya M-Pesa ya baba kuliko kusema.

Ndiyo maana sentensi ya kumwambia mtoto siku unamkabidhi simu naiona na nguvu kuliko Family Link. Iseme kwa maneno yako, kwa mfano: "Mwanangu, mtu yeyote, hata kama ni wa humu ndani, akikuomba picha ya mwili wako au akikutisha, njoo uniambie. Hata kama umeshatuma. Simu sitakunyang'anya na sitakupiga." Kisha uitimize. Mtoto aliyewahi kunyang'anywa simu kwa kosa la kusema ukweli hatasema mara ya pili, na mwindaji huyo huyo atamkumbusha: "mama yako akijua atakuua."

Likishatokea, uanzie wapi?

Hapa watu huchanganya, kwa sababu kila mlango una kazi yake.

Simu ya Mtoto 116 ni ya bure. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, hata kwa kitochi kisicho na salio. Wanasikiliza, wanashauri na kuunganisha na wahusika. Ningeanzia hapa pale mtuhumiwa anapokuwa ndugu, mpangaji mwenzenu au mtu mwenye jina mtaani, maana katika hali hizo ndipo familia huitana kikao na kuamua yamalizwe nyumbani, na mtoto anabaki anamwandalia chai aliyemdhuru. Anayeona shangazi na wajomba wote wamekaa upande mmoja anahitaji mtu wa nje.

Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ndilo la kufungua kesi. Nenda na simu yenyewe ikiwa vile ilivyo: usifute mazungumzo, usimblock mhusika kabla hujanakili jina la akaunti, namba yake na tarehe. Picha ya mtoto usimtumie mtu yeyote kwa WhatsApp, hata askari. Onyesha kwenye simu iliyopo. Kama walishakutana ana kwa ana, hospitali ni ya haraka kuliko maelezo: vituo vya mkono kwa mkono, kama kile cha Hospitali ya Amana, vipo ili mtoto apate daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Asioge wala kubadilisha nguo kwanza, inauma kumwambia hivyo lakini ushahidi uko hapo.

Take It Down ni huduma ya bure ya mtandaoni ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyonywa, ya tangu 2023, kwa picha za utupu za mtu zilizopigwa akiwa chini ya miaka 18. Picha haiondoki kwenye simu. Kinachotumwa ni alama ya kidijitali iliyotengenezwa kutokana nayo, na mitandao iliyojiunga, zikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, hutumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Huhitaji kutaja jina. Kikomo chake ni mazungumzo yaliyosimbwa, yanayosomeka na waliomo tu, kwa hiyo kinachozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hakifiki. Hata hivyo ningeifanya saa ile ile vitisho vinapoanza, kabla picha haijatoka, kwa sababu hapo ndipo ina faida kubwa.

Kutuma namba ya tapeli kwenda 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni bure na inafaa kama aliyetisha ametumia laini ya hapa nchini kudai pesa. Lakini hiyo inahusu namba yenyewe, kesi ya mtoto bado iko Dawati. Pesa usitume. Aliyelipwa mara moja hurudi. Kama mtoto alishatuma kabla hujajua, usifute ujumbe wa muamala: una jina la aliyesajiliwa, namba ya muamala na saa. Huenda laini ni ya mtu mwingine, ila polisi wana pa kuanzia.

Ningechagua hivi

Chini ya miaka kumi na mbili: kitochi kama anatembea peke yake, simu ya mama iliyofungwa programu kama anakaa nyumbani. Vyote viwili kama uwezo upo, maana kitochi hakimpi katuni na simu ya mama haipandi naye daladala.

Aliyemaliza darasa la saba: simu yake yenye Family Link, umri wa kweli kila mahali, WhatsApp ikiruhusiwa na mipangilio ya grupu ikifungwa mbele yake huku anaona sababu. Instagram na TikTok ningezisogeza mbele hadi azoee hiyo moja. Kama simu ameshafunguliwa na kijana wa Kariakoo, usihangaike kurekebisha akaunti ya 1995. Ifute simu yote, uanze upya na akaunti mpya.

Nyumba ambayo mzazi hajui kusoma mipangilio, au yuko kazini tangu alfajiri hadi usiku: mpe kazi hiyo shangazi au kaka mkubwa unayemwamini kweli, mmoja tu, na nywila ya usimamizi asiijue mtoto wala mtu mwingine. Ukishindwa kumpata mtu huyo, baki na kitochi mwaka mmoja zaidi na umwambie mtoto sababu bila kumficha.

Na kama Januari anakwenda bweni, simu inabaki nyumbani. Kabla hujaizima, ingia WhatsApp kwenye vifaa vilivyounganishwa, uondoe chochote msichokitambua. Mtu akiwa ameiunganisha kompyuta yake na akaunti ya mwanao, anasoma kila kinachoingia bila kugusa simu.